Ukialikwa Kusoma Riwaya Yako Ughaibuni

Barua ya mwaliko kutoka tamasha la fasihi la nje haimfikii mwandishi wa Kiswahili kwa bahati. Nyuma yake kuna mtu aliyesoma kurasa zake katika lugha anayoielewa, akazipenda, akalitaja jina lake mbele ya mwandaaji. Basi kabla hujafikiria pasi wala nauli, shughulikia kurasa hizo.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipotunukiwa Nobel ya Fasihi Oktoba 2021, tulishangilia kutoka Unguja hadi Bara, na tulikuwa na haki. Ila anayetaka kufuata nyayo zake aziangalie vizuri. Gurnah aliishi Uingereza tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, aliandika kwa Kiingereza, alifundisha Chuo Kikuu cha Kent, na siku ya tangazo alikuwa amekwisha kuchapisha riwaya 10. Riwaya yake ya Paradise iliingia orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker mwaka 1994. Nobel ikaja miaka 27 baadaye. Sisi wasomaji wa Kiswahili tuliipata riwaya hiyo mwaka 2022 kwa jina la Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyochapishwa na Mkuki na Nyota. Wewe unasafiri upande wa pili: kitabu kiko tayari kwa Kiswahili, na wanaokingoja huko hawawezi kukisoma.

Kurasa zinazokutangulia

Chagua tukio linalojitosheleza kutoka katika riwaya yako, kurasa 10 hadi 15, ulifasirishe. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Humpa kazi hiyo ndugu anayejua Kiingereza cha ofisini, naye hurudisha maneno sahihi yasiyo na uhai. Riwaya inahitaji mfasiri anayeandika vizuri katika lugha anayofasiria. Kumpima ni rahisi. Mpe ukurasa mmoja wenye mazungumzo ya watu wawili waliokosana, aufasiri, kisha mtu asiyejua Kiswahili akusomee kwa sauti. Kama huyo msomaji anatambua nani amekasirika na nani anaficha jambo, umempata mtu wako. Akisoma kwa sauti moja tangu mwanzo hadi mwisho, endelea kutafuta.

Wafasiri wa fasihi ya Kiswahili si wengi, lakini wapo na wanajulikana. Mwaka 2023 shirika la uchapishaji la Two Lines Press la San Francisco lilitoa mkusanyiko uitwao No Edges, wenye maandishi ya kubuni kutoka Kiswahili ya akina Katama Mkangi, Euphrase Kezilahabi, Clara Momanyi, Lilian Mbaga na Fadhy Mtanga. Angalia majina ya wafasiri wa kitabu hicho: Idza Luhumyo, Richard Prins, Hassan Kassim, Jay Boss Rubin, Nathalie Koenings na wenzao. Hao ndio watu wa kuandikiwa. Waandikie kwa ufupi: aya moja kuhusu kitabu, kurasa mbili za Kiswahili, na sentensi moja inayoeleza nani anamiliki haki za tafsiri.

Sentensi hiyo ya mwisho ina uzito zaidi kuliko inavyoonekana. Toa mkataba wako kabatini uusome. Katika mikataba mingi ya Afrika Mashariki haki za tafsiri ziko kwa mchapishaji, na mfasiri makini hatagusa kazi yako kabla hajaona ruhusa kwa maandishi. Kama ziko kwa mchapishaji, mwombe barua inayoruhusu kurasa hizo zifasiriwe na kuchapishwa katika jarida. Ukishakuwa nayo, majarida kama Words Without Borders na Asymptote, yanayochapisha fasihi iliyofasiriwa, yanaweza kupokea kipande chako, na waandaaji wa matamasha huyasoma.

Usingoje. Rosa Mistika ya Kezilahabi ilitoka mwaka 1971. Tafsiri yake ya Kiingereza, kazi ya Jay Boss Rubin, ilichapishwa na Yale University Press mwaka 2025. Kezilahabi alifariki dunia Januari 2020. Kitabu kilichotikisa shule na makanisa yetu kikamaliza zaidi ya nusu karne bila wasomaji wa Kiingereza kupata nafasi ya kumkalisha mwandishi wake mbele yao na kumuuliza maswali. Inauma. Mtafute mfasiri kitabu kikiwa bado kibichi.

Pamoja na kurasa hizo, andaa wasifu wa maneno 80, muhtasari wa riwaya wa ukurasa mmoja usioficha mwisho wa hadithi, na picha moja iliyopigwa kwenye mwanga mzuri.

Pa kubisha hodi

Anza na wanaokijua Kiswahili. Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, kimekuwa na Kongamano la Kiswahili tangu miaka ya 1980, karibu kila mwaka wakati wa Pentekoste, na humo utasikia watafiti kutoka nchi mbalimbali wakijadili riwaya zetu kwa Kiswahili. Mwandishi wa Utengano na Asali Chungu, Said Ahmed Mohamed, alifundisha hapo. Kiswahili kinafundishwa pia SOAS jijini London, INALCO jijini Paris, L'Orientale jijini Napoli, na katika vyuo vingi vya Marekani. Mhadhiri aliyekiweka kitabu chako kwenye orodha ya kozi yake ni mwenyeji bora kuliko tamasha kubwa lisilokujua, kwa sababu wanafunzi wake watakuja wamekusoma. Tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, nayo ni nafasi nzuri: balozi zetu na jumuiya za Waswahili huandaa shughuli, na mara nyingi hotuba huwa nyingi kuliko fasihi. Jitolee kusoma. Andika mapema, Januari au Februari.

Upate uzoefu karibu na nyumbani pia. Tamasha la Macondo la Nairobi, lililoanza mwaka 2019, na Time of the Writer la Durban huwakutanisha waandishi na wachapishaji wa nje bila safari ya mbali. Kwa Ujerumani, lijue shirika la Litprom la Frankfurt, ambalo tangu mwaka 1980 linahimiza tafsiri za fasihi ya Afrika, Asia na Amerika ya Kusini kwenda Kijerumani.

Kuna pia programu zinazomkaribisha mwandishi kuishi mahali fulani akiandika. Ya Berlin inayosimamiwa na shirika la DAAD la Ujerumani huchukua kama mwaka mmoja. Ile ya Iowa, International Writing Program, ilianza mwaka 1967 na hukusanya waandishi wa mataifa mengi kila msimu wa mapukutiko. Mwaka 2025 serikali ya Marekani iliiondolea fedha zake, kwa hiyo kabla hujaomba uliza nafasi ngapi zimebaki na nani anagharamia nini. Niwe mkweli kuhusu programu hizi: zinamfaa mwenye mswada ulioanza. Ukienda na daftari tupu, miezi yako itaishia kwenye mapokezi, matembezi na picha.

Viza, ada na kodi

Mwaliko ukifika, jibu kwa shukrani na maswali matano: nani analipa nauli, nani analipa malazi, ada ya ushiriki ni kiasi gani, italipwa lini, na nani anashughulikia gharama za viza na bima. Usione haya. Kwa waandaaji kuuliza ada ni jambo la kawaida; asiyeuliza ndiye anayewashangaza. Nimeona waandishi wetu wakipanda jukwaani bure, kando ya wenzao waliolipwa kwa kazi ileile, kwa sababu tu hawakuuliza.

Viza ya Schengen unaweza kuiomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na usichelewe kupita siku 15 kabla yake. Ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari lazima ifikie euro 30,000. Ukitembelea nchi kadhaa za Schengen, omba kwenye ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Barua ya mwaliko itaje jina lako kama lilivyo kwenye pasi, tarehe, mahali, na kila gharama inayolipwa na mwenyeji. Upande wako peleka taarifa ya benki, barua ya mwajiri au mchapishaji, na nakala ya kitabu chenyewe. Kitabu chenye jina lako kwenye jalada kinaeleza kazi yako haraka kuliko vyeti.

Uingereza, tangu Januari 2024, inamruhusu mwenye viza ya kawaida ya mgeni kulipwa kwa shughuli ya kitaaluma aliyoalikwa, mradi iwe imepangwa kabla ya safari na ifanyike ndani ya siku 30 za kwanza. Marekani inaruhusu mwenye viza ya B-1 kupokea bahashishi ya heshima kutoka chuo kikuu kwa shughuli isiyozidi siku 9 katika chuo kimoja, kwa vyuo visivyozidi 5 ndani ya miezi 6. Lakini sera za viza za Marekani hubadilika ghafla, na nchi zetu hazitendewi sawa. Thibitisha ubalozini kabla hujatangaza safari.

Kisha kodi. Marekani kwa kawaida hukata asilimia 30 ya malipo ya mgeni asiye mkazi. Ujerumani hukata asilimia 15 ya ada ya msanii kutoka nje, pamoja na tozo ndogo juu yake, isipokuwa malipo yakiwa madogo sana. Uliza: kiasi hiki ni kabla ya makato au baada yake? Omba wakupe hati ya makato, maana utaihitaji ukirudi kwenye mamlaka ya mapato.

Mezani, mbele ya watu

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo maandalizi yetu huwa hafifu kuliko kokote. Mwandishi aliyehangaika na riwaya kwa miaka anapewa dakika 10, anafungua kitabu ukurasa wa kwanza, anasoma kama taarifa ya habari hadi muda uishe. Sisi tuliolelewa na michezo ya redio, tuliosikia tenzi zikighanwa kwenye Maulidi na harusini, tuna masikio mazuri zaidi ya hayo.

Ukurasa wa kawaida wa riwaya ukisomwa bila haraka huchukua dakika mbili hadi tatu. Dakika 10, basi, ni kurasa nne. Chagua kurasa hizo nne kwa sikio. Tukio lenye watu wawili, wakitaka vitu vinavyopingana, mahali panapoonekana: jikoni, kituo cha daladala, ukumbi wa mahakama ya mwanzo. Epuka mwanzo wa riwaya kama umejaa maelezo ya ukoo. Epuka pia kilele, kwa sababu unataka watu wanunue kitabu.

Sasa usisome kutoka kitabuni. Chapa kurasa hizo upya kwa herufi za ukubwa wa 16, nafasi mbili kati ya mistari, upande mmoja wa karatasi. Futa jina la mhusika ambaye hana kazi katika tukio hili. Futa sentensi inayorejea sura iliyopita. Hii si dhambi. Kitabu kinabaki kama kilivyo, unachokitengeneza ni cha kusikilizwa. Kwa penseli weka mkwaju mmoja pale utakapovuta pumzi, mikwaju miwili pale utakaponyamaza kabisa. Piga mstari chini ya neno litakalobeba sentensi, neno moja tu katika sentensi. Pale mhusika anaponong'ona, andika pembeni "polepole", kwa sababu jukwaani woga hutukimbiza. Jisomee kwa sauti ukiwa umesimama, ujirekodi kwa simu, usikilize kesho yake. Utasikia mahali unapomeza silabi za mwisho. Karibu sote tunazimeza.

Ujerumani, usomaji wa kitabu ni shughuli ya jioni nzima: meza, taa, glasi ya maji, watu waliolipa kiingilio na kukaa kimya saa moja na nusu. Mara nyingi mwandishi husoma kipande kidogo kwa lugha yake, kisha mwigizaji au mfasiri husoma kirefu kwa Kijerumani. Waandaaji wengine watakuambia dakika moja ya Kiswahili inatosha "ili watu wasikie sauti". Kataa kwa adabu. Omba dakika tatu au nne, na Kiswahili kitangulie. Hadhira isiyoelewa neno hata moja husikiliza mapigo, vituo, kicheko cha mhusika. Tafsiri ikifuata, inakuta masikio yamefunguka. Pale panapowezekana, omba tafsiri ionyeshwe ukutani wakati unasoma, kama ilivyozoeleka katika matamasha ya ushairi. Fanyeni mazoezi na msomaji wa tafsiri mchana ule, walau mara moja, mkubaliane mahali pa kupokezana.

Mtazame Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi anayeishi Graz, Austria. Anaandika kwa Kifaransa, na riwaya yake Tram 83 ya mwaka 2014 iliingia orodha ya awali ya Man Booker International ya 2016. Usomaji wake umejengeka juu ya jazi: hurudia maneno, hupandisha na kushusha sauti, mara nyingine akiwa na wanamuziki pembeni. Si lazima uimbe. Ila yeye amelitendea jukwaa kama sehemu ya kazi ya fasihi, na ndiyo sababu moja wenyeji wanamwita tena na tena.

Wasiliana na mwongozaji wa mazungumzo wiki mbili kabla. Mtumie matamshi ya jina lako kwa sauti iliyorekodiwa, na mambo matatu ambayo ungependa kuulizwa: namna ulivyoijenga riwaya, waandishi waliokufundisha, mahali hadithi inapotokea. Usipofanya hivyo utaulizwa kuhusu njaa, vita na wanyamapori, hata kama riwaya yako ni ya mapenzi ya mwalimu wa Tanga na fundi cherehani. Kama kuna mkalimani, mpe mapema orodha ya majina na maneno magumu, na zungumza sentensi mbili tatu kisha umwachie.

Maswali ya siasa yatakuja. Amua kabla ya safari utasema nini na utanyamazia nini, ukijua kwamba maneno yako yatafika nyumbani usiku uleule kwa simu za watu. Ukiamua kusema, sema kwa ukamilifu na kwa majina ya mambo. Ukiamua kunyamaza, sema waziwazi kwamba swali hilo hutalijibu. Hadhira huheshimu yote mawili. Kinachoumiza ni jibu la kuzungukazunguka, litakalonukuliwa nusu.

Na wapo wetu ukumbini: Mkenya aliyetoka kazini na sare yake, Mkongo wa Bukavu, mama wa Kizanzibari aliyekuja na wajukuu. Wasalimie kwa Kiswahili kabla ya lolote. Hao ndio watakaonunua nakala ya Kiswahili, kwa hiyo ibebe. Nakala 20 za riwaya ya kurasa 200 zina uzito wa takriban kilo 5. Uliza mapema kama meza ya vitabu inakata asilimia.

Warsha

Warsha nyingi za Marekani na zile zilizoiga mtindo wake huenda hivi: kurasa zako zinasambazwa kabla, wenzako wanazijadili, wewe unanyamaza hadi mwisho. Kwetu tuliozoea kujibizana papo hapo, ukimya huo ni mgumu. Uvumilie, na uutumie. Gawa daftari lako safu mbili: upande mmoja maoni kuhusu hadithi, upande wa pili maoni kuhusu tafsiri. Mtu akisema sentensi ni nzito, rejea Kiswahili chako. Mara nyingi utakuta uzito uliingia wakati wa kufasiri, na lililo jema ni kumwandikia mfasiri wako, usiiguse riwaya. Lakini wasomaji watatu wakisema hawajui mhusika anataka nini, hilo ni lako. Hakuna tafsiri inayoweza kulificha.

Ukialikwa kuendesha warsha mwenyewe, weka washiriki wasiozidi 12, na uwape zoezi moja tu la kuandika. Ninalolipenda ni hili: mgeni amesimama mlangoni, mwenye nyumba hataki aingie, na adabu haimruhusu kusema hivyo. Kila mtu duniani anajua mlango huo, na kila mtu ataandika wa kwao.

Tuzo

Tuzo nyingi za kimataifa huwezi kujiombea mwenyewe; mchapishaji ndiye anayewasilisha. Kwa hiyo mpe mchapishaji wako tarehe za mwisho na umkumbushe. International Booker hutolewa kwa kitabu kilichofasiriwa na kuchapishwa Uingereza au Ireland, na pauni 50,000 zake hugawanywa sawasawa kati ya mwandishi na mfasiri. Mwaka 2021 Ngũgĩ wa Thiong'o aliingia orodha yake ya awali kwa The Perfect Nine, aliyoiandika kwa Gĩkũyũ na kuifasiri mwenyewe. Tuzo ya Caine hupokea hadithi fupi zilizochapishwa kwa Kiingereza, zikiwemo zilizofasiriwa. Idza Luhumyo wa pwani ya Kenya, yuleyule mfasiri wa No Edges, aliishinda mwaka 2022. Na kwa Kiswahili chenyewe ipo Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo ilimpa Zainab Alwi Baharoon wa Zanzibar ushindi wa riwaya kwa Mungu Hakopeshwi.

Ukiingia orodha yoyote, hata ya awali, mchapishaji wako aandike hivyo kwenye jalada la toleo linalofuata na aongeze nakala madukani kabla habari haijapoa. Mchapishaji wa nje akitaka haki za tafsiri, mkataba useme lugha gani, nchi zipi, miaka mingapi, mrabaha kiasi gani, jina la mfasiri litakaa wapi, na haki zitarudi lini kwako kitabu kikikosekana sokoni. Usisaini ukiwa ughaibuni, kwenye chakula cha jioni, kalamu ya mtu mkononi. Sema utajibu baada ya wiki mbili, urudi nazo karatasi, umtafute mwanasheria anayejua hakimiliki.

Kisha, ndani ya mwezi mmoja baada ya kurudi, panga usomaji nyumbani kwa kurasa zilezile nne ulizoziandaa kwa penseli: maktaba ya mkoa, ukumbi wa shule ya sekondari, au baraza la mtaani kwenu. Jumamosi baada ya saa kumi alasiri huwa nzuri, jua limepungua na watu wametoka sokoni. Kipaza sauti kijaribiwe mapema, na nakala zisipungue 30.